Tathmini ya huduma: kuchunguza spidomita ya gari lililopata ajali, Isevya, Tabora

Mjini Tabora, upande wa Isevya, ipo karakana ndogo ya umeme wa magari isiyo na bango, ambayo wenyeji huitaja tu kuwa ni “kwa fundi wa dashibodi”. Kazi yake ya kila siku ni kufufua taa za dashibodi, geji za mafuta na spidomita zilizokufa, lakini inafanya pia kazi ambayo sijaiona katika gereji nyingine hapa mkoani: inachunguza spidomita ya gari lililopata ajali na kuandika ripoti inayoeleza mshale ulikutwa wapi, ulibakije hapo, na ni kwa kiasi gani unaweza kutegemewa kueleza mwendo wa gari wakati wa kugonga. Niliitumia huduma hiyo kwa niaba ya familia yetu, na ninaiandikia tathmini kwa sababu ninaona madereva wakihukumiwa kwa picha ya simu ya mshale uliosimama kwenye namba fulani, pasipo mtu kuuliza mshale ule ulifikaje pale.

Niseme mapema ninavyoiona. Kazi ya mezani ya fundi huyu, yaani kufungua, kupima na kulinganisha, ni ya kiwango cha juu kwa karakana yenye meza mbili na paa la bati. Ripoti yake ya maandishi haijaifikia kazi hiyo. Na mteja anayekwenda pale kutafuta namba ya kumpendeza atatoka na hasira, jambo ambalo kwangu ni sifa kubwa ya huduma yenyewe.

Gari letu ni Toyota Noah, ambalo mdogo wangu alikuwa akiliendesha usiku kutoka Nzega kuja Tabora alipogonga nyuma ya lori lililoharibika na kuachwa likiwa limekula nusu ya njia, bila pembetatu wala kiakisi mwanga. Mdogo wangu alivunjika mguu, abiria wake wakapata majeraha, na tunamshukuru Mungu kwamba hakufa mtu. Kabla gari halijavutwa, picha ya dashibodi yake ilikuwa imekwisha kuzunguka kwenye simu za watu: gari limezimika, mshale wa spidomita umesimama, na ukiitazama picha ile unasoma 110. Upande wa lori waliichukua picha hiyo kuwa kauli ya mwisho, na wakala wa bima tuliyekuwa tukizungumza naye akatuambia kwamba mwendo umeshajulikana na hakuna la kuchunguza. Mdogo wangu, akiwa kitandani na mguu ukiwa kwenye plasta, alishikilia kwamba alikuwa kwenye 80. Tofauti ya namba hizo mbili si ndogo hata kidogo, kwa kuwa nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari lililo kwenye kilomita 110 kwa saa hubeba karibu mara 1.9 ya nishati ya gari hilohilo likiwa kwenye 80, na umbali linaohitaji ili breki ilisimamishe huongezeka kwa uwiano huohuo.

Jambo la kwanza lililonipa imani na fundi huyu ni maagizo aliyotoa kwa simu kabla hajaliona gari. Alitaka mtu yeyote asigeuze ufunguo, asifunge betri nyingine, asipanguse kioo cha dashibodi, na gari lifunikwe turubai hadi afike. Sababu yake aliieleza kwa utulivu alipofika yadi, na naona kila mwenye gari la siku hizi anapaswa kuijua.

Spidomita za waya, kama zile za Land Rover za zamani, hufanya kazi kwa sumaku na kikombe cha alumini, mpango ambao Mjerumani Otto Schulze aliupatia hataza mwaka 1902. Waya unaotoka kwenye giaboksi huzungusha sumaku, sumaku huamsha umeme mdogo ndani ya kikombe na kukivuta kizunguke nayo, na springi nyembamba hukizuia, hivyo mshale hupanda kadiri mwendo unavyozidi. Gari likisimama, springi huurudisha mshale kwenye sifuri. Ukikuta mshale wa namna hiyo umesimama juu baada ya ajali, basi kuna kitu kilichoubana, na kazi ya mchunguzi ni kujua ni kitu gani na kiliubana wakati gani. Zilizofuata ni spidomita za umeme zenye koili zilizopishana na sumaku ndogo katikati. Nyingi kati ya hizo hazina springi ya kurudisha mshale, mafuta mazito ya silikoni huutuliza usitetemeke, na umeme ukikatika mshale unaweza kubaki ulipo au kusogea polepole. Huo fundi hapendi kuuamini mpaka aupime kwa muda mrefu.

Gari letu lina aina ya tatu, ya mota ya stepa, yaani mota inayozunguka kwa hatua ndogondogo. Mshale wake huendeshwa na mota ndogo kupitia giya zinazopunguza mzunguko mara nyingi sana, hadi mara 180 katika mota ya aina moja inayotumika sana duniani, na giya hizo ndizo zinazoushikilia mshale usihame wenyewe. Ukizima gari kwa ufunguo, sakiti ya dashibodi bado inapata umeme wa betri wa kuuamuru mshale urudi sifuri. Lakini betri ikikatika ghafla, kama inavyotokea pua ya gari inapobonyea na kuipasua, hakuna amri inayofika, na mshale hubaki palepale ulipokuwa. Umeme ukirudi, jambo la kwanza ambalo sakiti hufanya ni kuurudisha mshale hadi mwisho wa sifuri ili ujipange upya. Mtu mmoja mwenye nia njema akifunga betri ili aone kama taa zinawaka, ushahidi wote umeondoka na hakuna fundi wa kuurudisha. Ninalikazia hili kwa sababu katika yadi nyingi za magari ya ajali kufunga betri ndilo jambo la kwanza linalofanywa, tena mbele ya mwenye gari.

Alipoliona gari letu hakugusa kitu kwa muda mrefu. Alitazama betri kwanza, ambayo ilikuwa imepasuka na waya wake mmoja kung’oka, kisha akaweka simu yake kwenye stendi mbele ya kiti cha dereva, akaisawazisha hadi kamera ikatazama uso wa spidomita moja kwa moja, akapiga picha. Akazunguka hadi dirisha la abiria, upande wa kushoto, akapiga nyingine akifuata pembe ya picha iliyosambaa. Alipotuonyesha picha hizo mbili zikiwa sambamba, ile ya dirishani ilisoma 110, na ile iliyopigwa mbele ya kiti cha dereva ilisoma 100, labda kasoro kidogo. Mshale haugusi uso wa spidomita. Uko juu yake kwa milimita kadhaa, na anayeutazama kutoka kushoto huuona umehamia kulia. Katika spidomita ya Kijapani inayoishia 180, namba ya 90 iko juu kabisa, hivyo kuhamia kulia kutoka hapo ni kupanda namba. Kilomita 10 za ile picha iliyotuhukumu zilitokana na mahali aliposimama mpiga picha. Tungeweza kulipa gharama yote ya huduma hii kwa kipande hicho kimoja cha kazi na nisingelalamika.

Kipimo cha mezani ndicho ninachokisifu zaidi. Hakukifanya kwa spidomita yetu, ambayo aliifunga kwenye mfuko na kuiandikia tarehe na saini ya mdogo wangu mwingine aliyekuwepo. Alitafuta dashibodi nyingine kwa wauza spea za magari yaliyokatwa, yenye namba ileile ya kipuri, akaithibitisha kwa kulinganisha sakiti zake na zetu. Akaiunganisha na betri na kifaa cha kutoa mapigo ya umeme yanayofanana na ya sensa ya mwendo, akaupandisha mshale hadi 60, 80, 100 na 120, na kwa kila namba alikata umeme kwa njia mbili. Alipokata waya wa swichi peke yake, mshale ulirudi sifuri taratibu, kama inavyokuwa mtu anapozima gari. Alipokata waya zote kwa pamoja, mshale ulibaki ulipo, haukutikisika. Aliturudishia swichi mikononi ili tujaribu wenyewe, na alipounganisha tena umeme tukaona kwa macho yetu namna mshale unavyorudishwa sifuri mara moja.

Baada ya hapo aliifunga dashibodi hiyo kwenye ubao unaoning’inia kutoka kwenye boriti, akauvuta nyuma na kuuachia ugonge tairi lililosimamishwa ukutani, ili aone kama mshtuko wenyewe unaweza kuuhamisha mshale. Ulisogea, lakini si zaidi ya upana wake. Kisha akafanya jaribio ambalo nisingelifikiria: akiwa kwenye 100, alisimamisha mapigo ya sensa ghafla, akarekodi mshale kwa video ya mwendo wa polepole, na tukaona kwamba mshale hauanguki papo hapo bali huchelewa kwa sehemu ya sekunde kabla ya kufika chini. Maana yake ni kwamba dereva akikanyaga breki kwa nguvu katika nukta za mwisho na umeme ukakatika hapohapo, mshale unaweza kubaki kwenye namba iliyo juu kidogo ya mwendo ambao gari liligongea. Aliliandika hilo katika ripoti; lilikuwa na faida kwetu, lakini pia linapunguza uzito wa matokeo yake mwenyewe.

Kwa uso wa spidomita alitumia taa ya kukagulia noti, ile ambayo wenye maduka huiweka chini ya kaunta, kwa kuwa inatoa miale ya urujuanimno na rangi za mishale mingi hung’aa chini ya miale hiyo. Katika mgongano mkali mshale hupinda na kupiga uso wa spidomita, na mara nyingine huacha alama ya rangi ambayo jicho peke yake haliioni. Alizima taa za karakana, akafunika dirisha kwa blanketi, na tulipoinama tukaona mstari mfupi wa rangi ya machungwa, mfupi kuliko punje ya mchele, ukiwa kando ya kistari cha 100. Fundi alionya kwamba alama hiyo huonyesha mahali mshale ulipokuwa wakati ulipogusa uso, ambao si lazima uwe ndio wakati gari lilipoanza kugonga, na kwamba gari likigonga mara ya pili alama zinaweza kuwa zaidi ya moja. Kwetu ilikuwa moja, na ilikubaliana na mshale.

Hapo nilidhani kazi imekwisha, kwa kuwa namba ya 100 ilikuwa imethibitishwa kwa njia mbili. Fundi aliuliza kuhusu matairi. Spidomita inahesabu mizunguko, haipimi ardhi, kwa hiyo ukubwa wa tairi hubadilisha maana ya namba yake. Noah yetu ilitoka kiwandani na matairi ya 195/65R15, ambayo kipenyo chake ni takriban milimita 634. Sisi tulilifunga 205/70R15 ili liinuke kwa ajili ya barabara za vumbi za vijijini, na kipenyo cha hayo ni takriban milimita 668. Ongezeko hilo ni la asilimia 5 na kidogo, na linalifanya gari liende kasi kuliko linavyoonyesha. Wengi hapa Tabora wamefanya hivyo kwa Noah na Probox zao, nami sidhani kama kuna anayekumbuka hesabu hiyo anapotazama dashibodi.

Upande wa pili, watengenezaji huzipanga spidomita zionyeshe zaidi ya mwendo halisi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inakataza spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi, na inairuhusu kuzidisha hadi asilimia 10 ya mwendo huo pamoja na kilomita 4 kwa saa. Gari linaloonyesha 100 linaweza kuwa, kwa mujibu wa kanuni hiyo, kwenye 87 tu. Badala ya kutegemea kanuni, fundi aliazima Noah nyingine ya aina hiyohiyo yenye matairi ya kiwandani, akaiendesha asubuhi na mapema kwenye kipande kilichonyooka cha barabara ya Nzega akilinganisha spidomita na GPS, na akaona kwamba inapoonyesha 80 gari liko kwenye 75. Kwa uwiano huo, 100 ya dashibodi ni 94, na ukiongeza asilimia 5 ya matairi yetu makubwa unarudi kwenye 99. Makosa mawili yaliyokuwa yakivutana yakakaribia kufutana, jambo ambalo lisingeweza kujulikana bila kupima yote mawili.

Suala lililobaki lilikuwa la magurudumu. Spidomita huonyesha mwendo wa gurudumu au wa giaboksi, na mara nyingi huo ndio mwendo wa gari, ila si wakati wote. Gurudumu likijifunga kwa breki, gari linaweza kuteleza kwenye lami kwa kasi ilhali spidomita inashuka kuelekea sifuri. Gurudumu likiwa hewani au likizunguka bure kwenye matope, spidomita hupanda ilhali gari halijasogea. Fundi aliomba nakala ya mchoro wa eneo la ajali uliochorwa na trafiki, na humo hapakuwa na alama za matairi yaliyojifunga kabla ya lori. Hilo lilikubaliana na mshale. Kama mchoro ungeonyesha mita 30 za alama nyeusi za matairi yaliyojifunga hadi kwenye lori, mshale uliobaki kwenye 100 ungekuwa na maswali mazito, na hapo njia bora ingekuwa hesabu ya msuguano: kwenye lami kavu yenye kizidisho cha msuguano cha 0.7, mita 30 za kuteleza peke yake zinahitaji gari liwe lilianza na mwendo wa karibu kilomita 73 kwa saa, hata kabla ya kuhesabu mwendo uliobaki wakati wa kugonga.

Ripoti ilisema mwendo wa gari wakati umeme unakatika ulikuwa kati ya kilomita 95 na 104 kwa saa. Haikusema 110, na haikusema 80. Mdogo wangu aliumia moyo kuisoma, na mmoja wa wajomba zetu alimwendea fundi akitaka maneno yalegezwe kidogo, akajibiwa kwa heshima: “Mjomba, karatasi inayosema themanini hapa hamtaipata.” Nilikuwepo, na nasema kwa dhati kwamba jibu hilo ndilo lililoifanya ripoti iwe na uzito baadaye. Mthamini wa hasara mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, aliyetoka Mwanza kwa ajili ya shauri letu, aliisoma, akaja karakana, akarudia mwenyewe jaribio la kukata umeme, na katika taarifa yake aliiacha kando picha ya 110. Aliiacha kando pia kauli ya 80. Kwa kuwa mjadala wa namba za uongo uliondoka mezani, suala la lori kusimama gizani bila pembetatu lilianza kuzungumzwa kwa mara ya kwanza, na bado linazungumzwa.

Sasa upungufu. Ripoti tuliyopewa ina kurasa chache, picha zimechapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na ile ya alama ya mshale haina rula pembeni, kwa hiyo anayeisoma pasipo kuwa ameiona alama hiyo hawezi kujua ina urefu gani wala iko umbali gani kutoka kwenye kistari cha 100. Kwa ushahidi ambao thamani yake yote iko katika milimita, hilo ni kosa kubwa. Jaribio la barabarani lilifanywa hadi 80, kisha matokeo yakapandishwa kwa hesabu hadi 100. Ni uamuzi wa busara kwa usalama, lakini ripoti haikusema wazi kwamba 94 ni namba ya hesabu na haikupimwa. Jaribio la kugongesha dashibodi kwenye tairi halikuwa na kipimo cha nguvu ya mshtuko, hivyo linatuambia kwamba mshale haukuhama kwa pigo lile, bila kutuambia pigo lile linakaribia kiasi gani pigo la gari linalogonga lori. Mthamini aliuliza swali hilo na fundi akakiri kwamba hana kifaa. Simu nyingi za siku hizi zina sensa ya mtikisiko. Ifungwe moja kwenye ubao ule, ingawa nayo ina kikomo chake, na ripoti itakuwa na namba ya kuanzia.

Pengo kubwa zaidi ni la sanduku la eabegi, yaani kifaa kinachoamuru mifuko ya hewa ifunguke gari linapogonga. Magari mengi ya sasa huhifadhi humo kumbukumbu ya sekunde za mwisho kabla ya kugonga: Marekani, kanuni ya 49 CFR sehemu ya 563 inalitaka gari lililofungwa kinasa cha kumbukumbu hiyo lihifadhi angalau sekunde 5 za mwendo kabla ya mgongano, na Umoja wa Ulaya umekifanya kuwa cha lazima kwa magari yote madogo mapya kuanzia Julai 2024. Kumbukumbu ya namna hiyo, inapopatikana, ina nguvu kuliko mshale, kwa sababu inaonyesha pia breki ilikanyagwa lini. Karakana hii haina kifaa cha kuisomea, na fundi alitushauri tulitoe sanduku hilo, tulifunge vizuri na kulitunza iwapo shauri litafika mahakamani. Ushauri ulikuwa sahihi, lakini mteja asiyeuliza hawezi kupewa. Uandikwe kwenye karatasi ya mapokezi.

Kuhusu nafasi ya ripoti hii kisheria, mteja asijidanganye. Haichukui nafasi ya ukaguzi wa gari unaofanywa na polisi, na kampuni ya bima itataka taarifa ya mthamini aliyesajiliwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inairuhusu mahakama kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu, na ujuzi huo utahojiwa: alisoma wapi, amepima spidomita ngapi za aina hiyo, kifaa chake kilihakikiwa lini. Fundi huyu ana cheti cha ufundi umeme wa magari na uzoefu mrefu, lakini ripoti yake haielezi lolote kati ya hayo. Wakili atakayeipinga ataanzia hapo.

Si kila ajali inayofaa kupelekwa kwake. Kwa basi la abiria liendalo mikoani ningeanza na kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia mwendo kinachosimamiwa na LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini), ambacho hupima kwa setilaiti na hakijali ukubwa wa tairi wala gurudumu lililojifunga. Mshale wa basi uwe wa kuthibitisha tu. Kwa bodaboda, nyingi bado zinatumia waya unaotoka gurudumu la mbele, waya wenyewe mara nyingi umekatika au umechomolewa siku nyingi, na hata ukiwa mzima breki ya mbele ikilifunga gurudumu mshale unashuka. Fundi mwenyewe huwarudisha watu wa pikipiki bila kuwatoza, isipokuwa pale mshale unapokuwa umebanwa na kioo kilichovunjika, hali ambayo anasema inastahili kutazamwa. Magari ya spidomita ya tarakimu, yasiyo na mshale kabisa, hayana cha kuchunguza baada ya umeme kukatika, na kwa hayo njia iliyobaki ni sanduku la eabegi na vipimo vya barabarani.

Tulilipa shilingi 250,000 kwa kazi yote, na gharama ya dashibodi ya kulinganishia na mafuta ya gari la kuazima ikawa juu yetu. Ni fedha nyingi kwa familia ya hapa, na naona bei ni halali kwa kuwa kila kipimo kilifanyika mbele yetu. Kilichonisumbua ni muda: dashibodi yenye namba sahihi ya kipuri ilichelewa kupatikana, na kwa magari yasiyo ya kawaida hapa Tabora huenda mteja akalazimika kuiagiza Dar es Salaam. Anayekusudia kwenda aende na nakala ya mchoro wa ajali, kadi ya gari, namba za matairi kama zilivyoandikwa ubavuni, na picha zote zilizopigwa eneo la tukio zikiwa kwenye simu iliyozipiga, kwa kuwa picha iliyotumwa tena na tena kwa WhatsApp hupoteza ubora na taarifa za saa. Gari libaki bila betri. Siku za Jumapili karakana hufungwa, na siku nyingine fundi hupatikana kuanzia asubuhi, ila kazi ya taa ya urujuanimno huifanya jioni giza linapoingia, hivyo mteja anayetaka kushuhudia ajipange kukaa hadi saa mbili usiku.